Kome wa maji baridi ndani ya akwariamu: someni hapa kabla hamjamtia tangini

Mwana Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, amani kwenu.

Hapa Tanga naona vijana wengi wameingia kwenye ufugaji wa samaki wa mapambo, na jambo hilo linanifurahisha sana. Lakini kuna ushauri unaozunguka kwenye magrupu ambao lazima tuuseme wazi. Mtu anaweka picha ya tangi lenye maji ya kijani, anajibiwa, "Tafuta kome wawili watatu mtoni, watie humo, watakusafishia bure." Ushauri huo unaua kome, na mara nyingi unaua na samaki.

Naomba tuanze na namna anavyoishi. Kome hana kichwa wala meno. Anajizika mchangani sehemu kubwa ya mwili na kuacha nje upande wa nyuma, wenye matundu mawili. Moja linavuta maji, la pili linayatoa. Katikati maji yanapita kwenye matamvua yenye vinyweleo vidogo mno vinavyopiga muda wote. Hapo ndipo mwani mchanga, bakteria na chembe za uozo zinanaswa, zinafungwa kwa kamasi na kusukumwa hadi kinywani. Hicho ndicho chakula chake chote. Haokoti mabaki ya chakula cha samaki kama konokono, na wala halambi vioo.

Kome mkubwa anaweza kupitisha lita moja ya maji kwa saa, hata zaidi. Sasa piga hesabu. Tangi la lita 100 likiwa na kome watatu, ndani ya siku moja na nusu maji yote yameshapita mwilini mwao. Na humo humo una filta inayovuta chembe zile zile anazozihitaji, unabadilisha maji kila wiki, unafuta vioo. Maji yanang'aa, wewe unafurahi, kome ana njaa.

Hafi siku hiyo wala mwezi huo. Anaishi kwa akiba ya mwili wake, anakonda ndani, na kwa kuwa gamba halikondi, wewe kwa nje huoni tofauti yoyote. Ndiyo maana watu wanasema "wangu alikuwa mzima kabisa, amekufa ghafla." Alikuwa anakufa taratibu tangu alipoingia.

Akifa, mara nyingi anafia chini ya mchanga usipomwona. Kwa joto letu, maji ya ndani yakiwa nyuzi 27 au 29, nyama ile inaoza kwa saa chache tu na kumwaga amonia, ile sumu ya uozo. Amonia yenyewe huwa kali zaidi kwa samaki kadiri maji yanavyokuwa ya joto na kadiri pH inavyopanda (kile kipimo cha tindikali: chini ya 7 maji yana tindikali, juu ya 7 hayana). Wenzetu wa Ulaya wanaofuga kome kwenye maji ya nyuzi 15 wana muda wa kugundua. Sisi tunaamka asubuhi tangi zima limeelea.

Jambo jingine: hata kome aliye hai hapunguzi amonia, yeye mwenyewe anaitoa kama kiumbe mwingine yeyote. Anachopunguza ni ukungu wa maji. Kazi ya amonia ni ya bakteria wanaokaa kwenye filta na mchangani, na hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Kwa hiyo tangi jipya si mahali pa kome kabisa.

Sisemi asifugwe. Mimi ninao na ninawapenda, sioni mnyama mwingine wa majini mwenye utulivu kama ule. Ninachosema ni kwamba tangi lijengwe kwa ajili yake, na alishwe. Karibuni tuchangie, nitaeleza ninavyofanya.

---

Kijana wa Pangani

Mkuu, kwa heshima, hapo umetia chumvi. Kome wangu nilimtoa kijito kimoja huku kwetu, sijawahi kumlisha kitu, na anafunga na kufungua kama kawaida. Samaki wapo, maji safi. Mbona hafi?

---

Mwana Chumbageni

Kaka, kufunga gamba ukimgusa ni dalili kwamba yu hai, lakini haikuambii ameshiba. Misuli ya kufunga ndiyo anayoitunza hadi mwisho. Mtoe uweke kwenye mzani wa jikoni, andika uzito pembeni, rudia kila mwezi. Futa gamba kwanza na umwache atoe maji, la sivyo utapima maji. Kama uzito unashuka wakati gamba halijamomonyoka, anajila mwenyewe.

Halafu angalia tabia. Kome mwenye afya anajizika, anaacha matundu wazi sehemu kubwa ya siku, na kivuli cha mkono wako kikipita anajifunga haraka. Mwenye hali mbaya analala ubavu juu ya mchanga, gamba limeachama, ukimgusa anajifunga taratibu au hafungi kabisa. Akifika hapo, mtoe kwenye tangi usiku huo huo, mweke kwenye ndoo yake yenye hewa, usisubiri asubuhi.

Na kama tangi lako lipo dirishani linapigwa na jua la asubuhi, huenda maji yana mwani wa kutosha bila wewe kujua, na hapo amepata riziki. Si kila tangi lina bahati hiyo.

---

Nasra wa Sahare

Assalam aleikum. Mimi naishi karibu na bahari, maji yakitoka kina mama wanaokota kombe pale mchangani. Je, naweza kuchukua wale wadogo nikawatia kwenye tangi langu la gapi, wale samaki wadogo wa mapambo? Nitawazoesha taratibu.

---

Mwana Chumbageni

Waaleikum salaam dada Nasra. Hapana, tafadhali. Kombe wa baharini mwili wake umezoea chumvi, ukimtia maji baridi chumvi ya mwilini mwake inatoka na maji yanaingia. Anaweza kujifunga siku kadhaa ukadhani amezoea, kumbe amejificha tu. Halafu ndiyo yale ya kuoza.

Wanaofaa ni wa mtoni na mabwawani. Afrika tuna jamii kadhaa: wale wa kundi la Mutela na Chambardia, wengine wadogo wa Coelatura, na vile vidogo vya mviringo vya Corbicula. Yupo pia Etheria elliptica, huyu hushikamana na mwamba moja kwa moja kama chaza wa baharini, mara nyingi kwenye mito yenye maji ya kasi. Ukimkuta mwachie mwamba wake, kumbandua ni kumuua.

---

Mwalimu Muheza

Nashukuru kwa uzi huu, lakini naomba niseme jambo ambalo halijaguswa na ni la afya zetu. Watu wanaposoma "wanaofaa ni wa mtoni", kesho mtoto anaingia bwawani miguu mitupu. Mkoa wetu una kichocho cha mkojo tangu enzi za babu zetu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi aina ya Bulinus, vinaogelea na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kome hambukizi kichocho, ila anaishi jirani na konokono hao, na mayai yao yanabebwa kwenye majani ya majini na hata juu ya gamba la kome.

Kwa hiyo: usiingie majini bila buti ndefu za mpira na glovu. Usibebe maji ya bwawani na kuyamimina tangini. Kome umfute kwa brashi laini, umkague, umweke kwenye ndoo ya peke yake yenye maji yako mwenyewe kwa wiki mbili au tatu. Vile vijidudu vyenyewe vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku moja au mbili bila kupata mtu, lakini konokono akiingia tangini atavizalisha muda wote alio hai, ikiwa alikuwa ameambukizwa. Ukiona konokono usiyemjua, mtoe kwa kibanio.

Na mito mikubwa, Pangani na Ruvu, ina mamba. Hakuna kome wa thamani hiyo.

---

Mwana Chumbageni

Mwalimu, ahsante sana, naomba kila anayesoma arudie maneno haya mara mbili. Wangu niliwapata kwenye bwawa la samaki la jamaa yangu, lile analolikausha wakati wa kuvuna perege. Bwawa likikauka kome wanaachwa kwenye tope, unawaokota pakavu. Ongeeni na wafugaji wa samaki, wengi watawapa kwa furaha. Na msiguse vijito vya ndani ya hifadhi kule Amani, huko ni marufuku kutoa kiumbe.

Sasa nieleze tangi lenyewe.

Mchanga ndio kitanda chake, uwe laini, kina cha sentimita nane hadi kumi. Kokoto zenye ncha zinamkata mguu, maana anatembea kwa ule mguu mmoja wa nyama. Mchanga wa ufukweni unafaa ukioshwa hadi chumvi iishe, na una faida ya vipande vya magamba vinavyoyeyuka kidogo kidogo. Gamba la kome ni kalisi kaboneti, na maji yakiwa na tindikali linaliwa kuanzia pale kwenye kifundo cha juu, unaona weupe unajitokeza. pH ikae juu ya 7. Wenye visima vya Pongwe na Amboni, kwenye mwamba wa chokaa, maji yenu ni magumu tayari, sabuni yenyewe inawaambia. Wengine tieni kwenye kifuko cha chandarua yale magamba ya baharini yaliyosagwa ya kuchanganyia chakula cha kuku. Msitie chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo inarusha pH juu kwa dakika chache na kuua kila kitu.

Maji ya bomba hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yanatiwa dawa kabla ya kutufikia. Yaacheni kwenye ndoo wazi siku nzima mkiyakoroga klorini itoke, au tumieni matone ya kuondoa klorini.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote: msimwachie kome tangi zima la kujizika. Mwekeeni bakuli pana au trei ya plastiki iliyojaa mchanga, muishushe sakafuni mwa tangi, akae humo. Kila siku unajua yuko wapi, kila siku unamkagua, akifa unamtoa na trei yake. Hili peke yake limeokoa samaki wengi.

Dawa: chochote chenye shaba kinamuua. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki na za kuua konokono zina shaba. Mrututu, ule wa buluu wanaopulizia nyanya, hata chembe ndogo ni sumu kwake. Samaki akiugua, mtibuni kwenye ndoo tofauti, na ndoo hiyo isirudi tangini.

Majirani: gapi na samaki wadogo wapole ni sawa. Kambale hapana, perege mkubwa hapana, anafukua mchanga usiku na mchana. Kaa hapana kabisa.

---

Mama Ngamiani

Mwanangu umeeleza vizuri, lakini chakula hujasema. Mimi niliambiwa niwakorogee hamira, wengine wanasema kiini cha yai. Lipi sahihi?

---

Mwana Chumbageni

Shikamoo mama. Vyote viwili vinachafua maji kuliko vinavyomshibisha. Hamira ina chembe za ukubwa anaoweza kuzinasa, lakini lishe yake kwa kome ni duni, na inayobaki inaoza. Kiini cha yai ndiyo kabisa, asubuhi tangi linanuka.

Chakula chake ni maji ya kijani, yaani mwani ule wa kuelea. Unautengeneza nyumbani. Chukua ndoo nyeupe au beseni, tia maji unayoyatoa tangini siku ya kubadilisha, maana hayo yana mbolea tayari. Weka nje penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, jua la saa saba linayachemsha. Koroga kila siku. Baada ya wiki moja au zaidi yanageuka kijani. Funika kwa chandarua kilichobana vizuri, vinginevyo umefuga mbu, na mbu wa maji yaliyotuama kwenye vyombo ndio wa dengi.

Wakati wa kulisha zima filta saa moja au mbili, pampu ya hewa iache iendelee. Mimina hadi maji yawe na ukungu mwepesi wa kijani, usizidishe. Yakirudi kung'aa, wamekula. Ndogo ndogo kila siku ni bora kuliko nyingi mara moja kwa wiki. Unga wa spirulina, aina ya mwani uliokaushwa, nao unasaidia ukikorogwa vizuri, ila uwe wa nyongeza. Maji ya ndoo yakigeuka kahawia na kunuka, mwaga, anza upya.

Na joto letu linamfanya ale zaidi. Mwili wa kiumbe wa namna hii unakwenda mbio maji yakiwa ya moto, kwa hiyo vipimo mnavyosoma kutoka nchi za baridi ni vidogo kwetu.

---

Mwalimu Muheza

Kwa wanaotaka mbegu ya mwani kutoka bwawani ili ndoo iwahi: chuja kwa kitambaa kizito, acha ndoo imekaa siku tatu bila kuigusa kwa mkono mtupu, kisha endelea. Lakini maji yenyewe ya tangi yatageuka tu, subira ndiyo inayotakiwa.

---

Bwana Kaole

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nimesoma yote na nakubaliana, lakini nina hoja. Kwa nini tunang'ang'ania vioo vya sebuleni? Mimi nina tangi la saruji uani, kama mita mbili kwa moja, kina hadi kiunoni, perege wachache wadogo na yungiyungi. Maji yake ni kijani mwaka mzima kwa jua. Kome wako humo na wameongezeka ukubwa, unaona ukingo mpya wa gamba wenye rangi nyepesi. Sijawahi kukoroga ndoo ya chakula. Kwa maoni yangu kome ni wa uani.

Angalizo tu kwa wanaojenga: saruji mpya inatoa chokaa. Jaza maji, mwaga, jaza tena, kwa wiki kadhaa, kabla ya kutia kiumbe.

---

Mwana Chumbageni

Bwana Kaole, nakubali moja kwa moja. Mwenye ua, afanye kama ulivyosema, kwa kome ni bora kuliko tangi langu. Ule ukingo mpya wa gamba ndio ushahidi hasa, maana kome mwenye njaa hajengi gamba. Kwenye vioo nabaki mimi na wenzangu wa nyumba za kupanga, na kwa sababu moja zaidi: kupitia kioo unaona matundu yakifunguka, unaona ule mkondo mdogo ukipeperusha vumbi la mchanga. Watoto wa mtaani kwetu wanakaa mbele ya tangi wanauliza maswali ambayo sijawahi kuyasikia wakiuliza kuhusu gapi.

Ila perege wakikua wahamishe, watafukua.

---

Kijana wa Pangani

Nimepima leo, nitapima tena mwezi ujao. Swali: wanazaana? Nimeona kama unga mweupe unatoka kwa mmoja.

---

Mwalimu Muheza

Huenda ni viluwiluwi, yaani watoto wachanga wa kome, au ni uchafu wake tu uliofungwa kwa kamasi, aghalabu ni huo wa pili. Uzazi wa kome ni wa ajabu na unapendeza kusoma. Wengi hawawezi kukua bila samaki. Kiluwiluwi kinajishika kwenye mapezi, matamvua au ngozi ya samaki, kinaishi hapo kama kupe kwa muda, kisha kinadondoka kikiwa kome mdogo. Geoffrey Fryer alieleza mwaka 1961 jinsi Mutela bourguignati wa Ziwa Victoria anavyofanya: kiluwiluwi kina uzi mrefu, kikimpata samaki kinaota mirija inayozama mwilini mwake na kufyonza lishe. Na si kila samaki anafaa, kila aina ya kome ina wenyeji wake. Ndiyo maana mto ukipoteza samaki wake wa asili, kome nao hukosa watoto, wazee wakabaki peke yao mchangani.

Nyumbani usitarajie watoto. Corbicula ndiyo tofauti, huyo anaweza kuzaa bila samaki, lakini vitoto vyake vinakufa njaa mapema kuliko wakubwa.

---

Nasra wa Sahare

Ahsanteni nyote, kombe nimewaacha baharini. Umeme ukikatika usiku kucha nifanye nini? Na nikihama mji, niwapeleke wapi?

---

Mwana Chumbageni

Umeme: kome anajifunga na kuvumilia hewa ndogo kuliko samaki wako, kwa hiyo shughulika na samaki. Chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, au weka ile pampu ndogo ya betri ya wavuvi wa chambo hai ukiipata. Usilishe maji ya kijani usiku huo, mwani gizani unavuta hewa pia.

Ukihama, warudishe kwenye bwawa lile lile walikotoka, kwa mwenyewe yule yule. Usiwamwage Zigi wala mto mwingine wowote. Kome hubeba magonjwa na viumbe wengine, na hujui unachopeleka. Kule Marekani kome pundamilia kutoka Ulaya aliingia Maziwa Makuu yao miaka ya 1980, leo anaziba mabomba ya maji na kuwafunika kome wa asili hadi wafe. Na maji ya tangi ukiyamwaga, mwaga kwenye udongo, mbali na mfereji.

---

Mama Ngamiani

Nimeelewa mwanangu. Ndoo ninayo ila jua la kwangu halifiki, nyumba zimebanana. Una maji ya kijani ya kunigawia ya kuanzia?

---

Mwana Chumbageni

Yapo mama, nitakutumia ujumbe hapa hapa. Njoo na dumu lililokuwa na maji tu, lisiwe la mafuta wala sabuni, na usilijaze hadi juu ili lipate hewa njiani. Ukifika nyumbani liache wazi, uyatumie ndani ya siku mbili tatu. Ndoo yangu ikijaa tena nitakuambia.